Nyuzi Mpya za Mzee Kanuti

Ipo Alhamisi moja ambayo bado hunirudia, mwanangu, hasa mwezi wa nne ukifika hapa Guangzhou na kuta zikaanza kutoka jasho. Hali hiyo unaijua. Unafuta ukuta asubuhi, saa sita umelowa tena. Nguo hazikauki, mkate unaota ukungu kabla hujaumaliza, na viatu vya sampuli unavyopewa sokoni Liuhua vinanukisha gundi chumba kizima. Alhamisi hiyo Mzee Kanuti aliniletea gitaa lake la besi nimtunzie. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Sasa nimepita hamsini, na nikikuambia kwamba tangu wakati huo sijawahi kufungua begi la gitaa bila moyo kunipiga, usidhani natia chumvi.

Umeniomba nikusindikize kwenye maduka ya ala za muziki tukachague gitaa lako la kwanza. Unataka kujua ununue la nyuzi nne au tano, la betri au lisilo na betri, nyuzi nene au nyembamba. Nitakujibu, mimi si mchoyo wa maneno. Lakini kuanzia Jumapili hii wewe ndiye utakayekaa na gitaa la ushirika wetu wa kanisani nyumbani kwako, na kwa ajili hiyo lipo jambo lazima ulisikie kwanza. Vuta kiti. Chai ipo kwenye chupa.

Ujana wangu ulikuwa wa viatu. Nilitoka kwetu Voi nikaenda Mombasa, na Mombasa ikanileta huku. Siku sita za wiki nilizunguka masoko ya Liuhua nikinunua viatu vya kike na kubishana na kila laobani, maana ndivyo wenye maduka tunavyowaita, mpaka koo linakauka. Siku ya saba nilipiga besi kanisani. Hakuna aliyenipangia masomo. Mpigaji wetu wa kwanza alirudi kwao Kinshasa, nafasi ikabaki wazi, nami nilikuwa na vidole virefu. Watu wengi huingia kwenye besi hivyo hivyo, kwa sababu hakuna mwingine. Malengelenge yakapasuka, yakawa sugu, na kufikia mwezi wa tatu nilishajiona fundi.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilinunua gitaa jekundu la nyuzi tano linalotumia betri, kwa sababu laobani alininyanyulia kidole gumba akasema hilo ni la kupeleka nje. Mimi ambaye kila siku nilikuwa nikigeuza soli za viatu kutafuta kasoro, sikuligeuza hata mara moja. Ule uzi wa tano, mnene kuliko wote, mwaka mzima sikuugusa ila kwa bahati mbaya. Betri ilikufa mara mbili katikati ya sadaka. Nikaongeza pedali ya kukwaruza sauti, na mchungaji akanisihi kwa upole nisiikanyage kwenye nyimbo za toba. Ndivyo nilivyokuwa. Niliamini kwamba kila nisichokiweza kwa vidole, nitakikuta dukani.

Mzee Kanuti tulipokezana naye Jumapili kwa Jumapili. Alikuwa mtu wa Tabora, wa umri wa baba yangu, na kazi yake ilikuwa kusimamia upakiaji wa makontena yanayokwenda bandarini Nansha. Ungemkuta mlangoni mwa kontena akielekeza kwa kidole tu: vizito chini, vigae pembeni, robota la nguo likae kati ya vitu viwili vinavyoweza kugongana. Ujanani alikuwa amepiga besi kwenye bendi ya dansi ya kwao pamoja na kaka yake Deusi, na alipokuja huku alikuja na gitaa lile lile. Lilikuwa la rangi ya chai, nyuzi nne, limebanduka pale mkono unapolala.

Alikuwa na mazoea yake. Nyuzi hakubadilisha. Kila baada ya miezi kadhaa alizivua, akazichemsha kwenye sufuria ya maji na siki kidogo, akazikausha kwa taulo na kuzirudisha. Sauti ilirudi nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Tena alizilegeza chini ya kiwango tulichokuwa tukitumia sisi wengine, halafu akavisogeza vidole vyake mbele zaidi shingoni ili sauti ilingane na yetu. Akimaliza kupiga, kabla ya kufunga zipu, alizilegeza zaidi mpaka zinaning'inia. Begi alililaza chali juu ya blanketi. Kuliegemeza ukutani, hata siku moja.

Mpiga ngoma wetu, Kamau wa Nairobi, alimcheka sana. "Buda anapiga na kamba za kuanikia nguo, manze," alikuwa akininong'oneza, nami nilicheka naye. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi hatukuuliza, kwa kuwa tulishajipa jibu: ni ubahili, na ni uzee. Sauti yake ilikuwa nene na fupi, inaanguka na kunyamaza mahali pake, na waimbaji waliipenda kuliko yangu. Hilo nililiona, na liliniuma, mwanangu. Lakini sikulihusisha na sufuria wala blanketi.

Mwaka huo miguu yake ilianza kuvimba. Akawa anakaa kwenye kiti mlangoni mwa kontena, kisha akawa haji kazini. Figo, walimwambia hospitalini, na wakamshauri arudi kwao maadamu anaweza kupanda ndege mwenyewe. Tiketi ikakatwa ya Jumanne. Kaka yake Deusi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ndugu wa Tabora walikuwa wameahirisha kuweka msalaba kaburini wakimngoja yeye. Alitaka kupiga kwenye ibada hiyo wimbo ambao Deusi alimfundishia besi. Hakutaka kingine.

"Nikishampigia kaka yangu," aliniambia, "hata nikiondoka nitaondoka nimetulia."

Basi Alhamisi hiyo ya mvua alikuja kwangu akitweta, begi begani. Alikuwa anakwenda kulazwa siku nne wamsafishe damu, ili apate nguvu ya safari. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na hakukubali kukaa.

"Binti, nitunzie hili. Lilaze chali. Usilisimamishe."

"Hilo tu, Mzee?"

"Hilo tu."

Hakunieleza zaidi, na sikumuuliza. Mtu aliyezoea kupanga mizigo ya watu hudhani neno moja linatosha, kwa sababu kwa wapakiaji wake linatosha.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinionee huruma mapema. Ijumaa nililifungua lile begi. Nia ilikuwa njema, na wengi wetu tunaoharibu vya watu nia zetu huwa njema. Nilikuwa na seti ya nyuzi mpya, nene, za chuma zinazong'aa, nilizojinunulia mwenyewe. Nikasema moyoni, Mzee asiende kumpigia marehemu kwa nyuzi zilizochemshwa kama mihogo, atafungua begi lake kaburini akute zawadi yangu. Nikazivua za kwake na kuzitupa kwenye pipa la taka la ngazini. Nilipokuwa napangusa shingo niliona mstari mwembamba chini ya vanishi, karibu na kichwa cha gitaa, umekatiza kwa mshazari. Nikadhani ni mshipa wa mbao.

Nikazikaza zile nyuzi mpya mpaka kiwango chetu, juu kuliko alivyowahi kuzikaza yeye. Nikapiga. Sauti ililia kama kengele, nami nikafurahi sana. Halafu nikalisimamisha ukutani, kando ya dirisha, nilitazame vizuri. Ukuta ulikuwa umelowa.

Jumamosi nilitoka asubuhi kwenda soko la Shahe kumchukulia mtu nguo, nikarudi adhuhuri. Gitaa lilikuwa limelala kifudifudi sakafuni. Nililiinua, kichwa kikabaki kinaning'inia kwenye nyuzi zangu mpya, na pale penye ule mstari shingo ilikuwa imefunguka. Ndani palikuwa na gundi ya zamani ya rangi ya asali, imelainika kwa unyevu, na vijiti viwili vyembamba vilivyochongwa kwa mkono. Nilikaa chini nikavitazama vile vijiti. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyuzi zililegezwa, kwa nini hazikubadilishwa, kwa nini gitaa lililazwa. Mtu fulani aliwahi kuliunga gitaa lile kwa uangalifu mkubwa, na Mzee Kanuti alikuwa ameishi miaka yote hiyo akiilinda kazi ya huyo mtu.

Nililikimbiza kwa fundi wa magitaa niliyemfahamu. Alivaa miwani, akaligeuza, akaingiza kucha kwenye ufa. "Mei banfa," akasema, yaani hakuna la kufanya. Kisha, aliponiona uso wangu, akaeleza kwa vidole: kusafisha, kugundisha, kubana, siku kumi. Mzee alikuwa anasafiri baada ya siku tatu.

Mpaka hapo, mwanangu, nilikuwa nimekosa kama anavyokosa mtu yeyote. Hospitali haikuwa mbali. Ningekwenda siku hiyo hiyo nikapiga magoti kando ya kitanda nikasema, Mzee, nimelivunja. Angeumia, angenikaripia, lakini angekuwa na siku tatu za kufikiri. Angeweza kuazima gitaa la ushirika, au hata lile langu jekundu, au kuwapigia simu ndugu wamtafutie jingine Tabora. Siku hizo tatu zilikuwa zake, nami nikamnyang'anya.

Nilimkuta fundi mwingine aliyenipa gundi ya haraka ya kwenye kichupa. Nikaibandika shingo, nikaizungushia shati langu, nikalegeza nyuzi, nikafunga zipu. Jumapili nilipiga kanisani kama kawaida. Kamau aliuliza habari za Mzee, nikasema anaendelea vizuri. La kuvunda halina ubani, lakini siku hizo nilifukiza kila nilichokuwa nacho.

Jumanne nilimpeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Alikuwa amepungua, koti limemzidi. Tulipofika kwenye foleni akaniuliza, "Limelala salama?"

"Limelala salama, Mzee."

Akauweka mkono wake kichwani pangu akaniombea, maneno mengi, ya kunitakia mume mwema na biashara isiyo na hasara. Kisha akaliinamia begi. Alipitisha kiganja juu yake taratibu, kuanzia kwenye tumbo la gitaa kupanda shingoni, kama alivyokuwa akifanya kwa mzigo wowote kabla hajauruhusu kupakiwa. Karibu na kichwa mkono ukasimama. Ukakaa pale.

"Una neno, binti?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. Watu nyuma yetu walikuwa wakisukuma masanduku. Nilikuwa na neno, na lilikuwa limefika mdomoni.

"Sina, Mzee. Safari njema."

"Haya," akasema. Akalitia begi begani, akaenda.

Zilipita wiki tano. Aliyenipigia simu ni binti yake, anaitwa Restituta, tulikuwa hatujawahi kuzungumza. Akanijulisha kwamba baba yake amefariki na wamemzika kando ya kaka yake. Nikalia, akanibembeleza yeye aliyefiwa. Halafu akanisimulia siku ya msalaba. Ukoo wote ulikuwa umesimama makaburini, na wazee wawili waliobaki wa ile bendi walikuja na magitaa yao. Baba yake akalazwa kwenye kiti cha kamba, akaletewa begi, akafungua zipu, akaondoa shati. Alitazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye zile nyuzi zinazong'aa. Kisha akafunga begi.

"Akasema wapakiaji wa ndege wamelivunja," Restituta aliniambia. "Tulitaka kulalamika, akatukataza. Akatuambia lile gitaa liliwahi kuvunjika zamani, baba mkubwa Deusi akaliunga mwenyewe kwa vijiti vya mpingo, na kwamba kila kilichoungwa kina siku yake. Wazee wakaanza ule wimbo, naye akaipiga besi kwa mdomo, anagonga begi kwa kiganja. Sauti haikutosha, dada. Alikuwa anakatika pumzi. Waliishia katikati."

Nilidhani amemaliza.

"Na alisema nikikupata nikushukuru kwa nyuzi mpya. Alilirudia mara mbili, nisisahau."

Unaona alichonifanyia? Alijua. Alijua pale kwenye foleni, akanipa nafasi, nikaikataa. Akabeba gitaa lililovunjika mpaka kaburini kwa kaka yake, akasema uongo mbele ya ukoo wake ili jina langu lisitajwe, naye ni mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo. Halafu akanitumia salamu ambayo mimi peke yangu ningeielewa. Sijawahi kukaripiwa hivyo na mtu yeyote. Nami Restituta alipomaliza, nikamjibu, "Asante." Mara ya pili nilikuwa na neno, na mara ya pili nikalimeza.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, miaka zaidi ya ishirini. Kila Krismasi Restituta amekuwa akinipigia simu kunitakia heri, akiniita mtunza gitaa la baba. Alinialika kwenye harusi ya mwanawe. Aliwafundisha wajukuu wa Mzee Kanuti kuniita shangazi. Kila simu ilikuwa kama mtu ananivalisha nguo ya wizi na kuisifia inavyonikaa.

Juzi, ulipokuja kuniambia kwamba wamekuchagua wewe kukaa na gitaa la ushirika, niliona sina haki ya kukusimulia wewe habari hii kabla ya yule inayemhusu. Nikampigia. Nilimweleza yote, tangu pipa la taka mpaka uwanja wa ndege, bila kujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Ulijua siku tatu kabla?"

"Nilijua."

Akakata simu. Nimempigia tena jana na leo, hapokei. Ndiyo maana umenikuta nimevimba macho ulipoingia. Huenda hatapokea tena, na itakuwa haki yake. Nilidhani kusema kutanipunguzia, na kweli nimepungukiwa, lakini nimemtwika yeye. Amempoteza baba yake upya, na hata Krismasi zote zile nimemharibia. Ukweli uliocheleweshwa haumpozi anayeambiwa. Laiti ningeusema kwa mwenyewe, kando ya kile kitanda, ungekuwa na kazi ya kufanya.

Basi sasa majibu yako. Nunua la nyuzi nne, uzi wa tano utauhitaji siku utakapoukosa, na siku hiyo utaijua. Epuka la betri mpaka uwe mtu wa kukumbuka betri. Dukani lipige kwanza bila spika, likiwa kavu, na sikio uliweke kwenye mbao. Tazama shingo kwa urefu wake kama unavyotazama ubao wa fundi seremala, na ukiona mstari usioujua, uliza. Nyuzi ziwe nyembamba kiasi, na mwezi wa nne zilegeze kila ukimaliza kupiga. Usiache mbachao kwa msala upitao: chombo kibovu unachokifahamu tabia kitakuheshimisha kuliko kizuri usichokijua.

Ukikabidhiwa cha mtu, mwanangu, usikiboreshe. Kitunze kilivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, huwezi kujua uzito wake kwa kuutazama, na mazoea ya mtu mzima ambayo unayaona ya kipuuzi yana sababu ambayo hakupata nafasi ya kukueleza. Muulize kabla hajatoka mlangoni.

Na siku ukikivunja, maana utakivunja, sisi wote tunavunja, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje upate gundi. Usingoje akuulize kama una neno, na akikuuliza, mwanangu, ujue ameshaliona na anakupa mlango. Pita. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi kiliniumbua kifo cha mwingine.

Lile begi pale kitandani ni gitaa la ushirika. Lifungue sasa, mbele yangu, ulikague lote, na kila alama unayoiona niulize, nikujibu.

Mungu avipe vidole vyako subira na sikio lako unyenyekevu. Akupe wazee wa kukueleza, na akupe mdomo wa kuwauliza. Vitu vya watu vipite mikononi mwako na kutoka kama vilivyoingia, na kisipotoka hivyo, neno lako lifike kwa mwenyewe kabla ya begi. Amina. Haya, fungua.